Kuwaleta Wageni Kijijini Kutazama Wanyama: Mwongozo kwa Vijiji vya Nyuma ya Mombasa

Mgeni aliyelala hoteli ya Nyali, Bamburi au Shanzu huwa na nusu siku asiyojua aifanyie nini. Ufukweni amekwisha kukaa, na Tsavo inamtaka aamke usiku na kushinda garini. Huku nyuma, mwendo wa saa moja au saa moja na nusu, kuna vijiji vyenye mikoko, misitu ya kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), mabwawa na vilima ambavyo hakuna aliyewahi kumtajia. Hiyo nusu siku ndiyo biashara yenyewe. Kijiji kinachoilenga hakihitaji simba wala vyumba vya kulala. Kinahitaji mnyama anayeonekana mara nyingi, njia inayopitika, mwongozaji anayejua kazi na daftari la pesa ambalo kila mtu anaweza kulisoma.

Vikundi vingi huanza mwisho: hujenga banda la makuti, huchora kibao cha barabarani, kisha hungoja. Banda huliwa na mchwa kabla mgeni wa kumi hajafika. Fuata mpangilio wa hapa chini, hata kama mfadhili ana haraka ya kupiga picha ya jengo.

Kwanza hesabu, mwaka mzima

Chagueni njia moja isiyozidi kilomita 2. Watu wawili waipite mara mbili kwa wiki, mara moja asubuhi saa 12:30 na mara moja jioni saa 10:30, wiki baada ya wiki. Mwaka ukiisha mtakuwa na safari 100 hivi. Katika daftari andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, hali ya maji kama mko kwenye hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), mnyama, idadi, mahali hasa (mbuyu wa pili, kona ya kisima) na umbali kwa hatua. Tumieni penseli. Wino hauvuki masika.

Mwisho wa mwaka gawanyeni. Mbega akiwa ameonekana safari 78 kati ya 100, huyo ni wa kuahidi na picha yake iwekwe kwenye kibao. Aliyeonekana mara 30 mtajeni kuwa ni wa bahati. Aliyeonekana chini ya mara 10 msimtaje kabisa, hata kama ni chui. Mgeni humsamehe mwenyeji kwa wanyama wachache. Kinachomkasirisha ni kuahidiwa mmoja akaonyeshwa mwingine.

Hesabu hiyo pia ndiyo itakayowapa kalenda. Ndege wahamiaji wa matope, wanaotoka Ulaya na Asia, wako kwenye mahori yetu tangu Septemba hadi Aprili, kwa hiyo kijiji cha mikoko kina bahati: msimu wake mzuri umeangukia kaskazi, wakati hoteli zimejaa. Vipepeo huzidi baada ya mvua. Nyangumi wa nundu hupita baharini Julai hadi Oktoba. Ndovu hujikusanya majini ukame ukizidi. Kijiji kilicho na vitu viwili vya misimu tofauti kitakula mwaka mzima. Chenye kimoja lazima kijue mapema miezi yake ya njaa.

Wala msiwadharau wadogo. Shimba Hills inajulikana kwa palahala, ambaye haonekani porini kwingine nchini. Arabuko-Sokoke, watu huvuka bahari kumtafuta bundi asiyefika sentimita 20 na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Wapenzi wa ndege ndio wageni bora kwa kijiji kisichojulikana: huamka mapema, hawaulizi bwawa la kuogelea, na hurudi. Orodha yenu ya ndege ipelekeni kwa simu kwenye Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wa Kenya, kwa sababu huko ndiko wanakotazama kabla ya kupanga safari.

Ardhi na karatasi

Sehemu hii ni kavu lakini imeua miradi mingi, kwa hiyo imalizeni kabla ya kununua msumari. Jueni kwanza mnayemkanyagia. Mikoko ya pwani nzima ni msitu wa serikali tangu 1932, na msimamizi wake ni KFS, shirika la misitu la serikali. Hamwezi kupitisha njia humo bila idhini yake, na mlango wa kawaida ni chama cha jamii cha msitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Ufukweni zungumzeni na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Mashamba ya watu yanataka mkataba wa maandishi na kila mwenye shamba, pamoja na mke au ndugu anayelilima. Msitu wa kaya ni wa wazee wa kaya. Makaya ya Mijikenda yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini mwenye kuruhusu njia, siku na vazi ni mzee. Kaya Kinondo wageni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na kuna mahali hawafiki. Masharti kama hayo yaandikeni yalivyo na mwambieni mgeni mapema. Ndiyo yanayoifanya ziara iwe na uzito.

Kikundi kisajiliwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kikiwa na watu wasiopungua 10. NEMA, mamlaka ya mazingira, iulizwe kabla ya ujenzi wowote majini au msituni. Leseni ya shughuli ya utalii hutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na KWS, shirika la wanyamapori, wahusishwe popote palipo na wanyama wakubwa. Wekeni nakala za kila barua kwenye jalada moja nyumbani kwa katibu, na nyingine kwa chifu.

Maji ndiyo saa yenu

Kwa kijiji cha hori, ratiba ya hoteli haina maana. Yenye maana ni jedwali la maji ya Kilindini. Bamvua la Mombasa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya katikati, mambo hugeuka: saa hizo hizo maji yamejaa, na kupwa ni alfajiri na jioni. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Kinachomhusu mgeni ni hiki. Maji yakipwa sana, ndege wa matope husambaa mbali kiasi kwamba hata darubini haiwafikii. Yakijaa, wameondoka. Saa nzuri ni ile ya maji yanayopanda, saa mbili hivi kabla ya kujaa, yanapowasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingoni hadi wakakusanyika mbele ya macho. Kaa wa matope ni kinyume chake, huonekana wakati maji yamekupwa. Basi chapisheni kalenda ya miezi mitatu mitatu yenye safu mbili, "saa ya ndege" na "saa ya kaa", na mzipe hoteli. Siku ambayo saa nzuri imeangukia saa nane mchana, kwenye jua kali, msiuze. Andikeni "hapana".

Njia ya mbao mikokoni

Kina mama wa Gazi na wa Wasini wanaingiza pesa kwa njia za mbao, Gazi ndani ya mikoko na Wasini juu ya mawe ya matumbawe, na vijiji vingi vinatamani kuwaiga. Inawezekana, ila ijengwe kwa akili.

Anzeni kwa mita 100. Pitisheni upande wa nchi kavu, palipo na mkandaa na mchu, ambako maji huingia kidogo. Ukielekea kwenye mlilana, upande wa bahari, nguzo zitataka urefu wa mita 4 na gharama itawashinda. Njia ipinde kufuata nafasi kati ya miti. Usikate mzizi wa mkoko ili kunyoosha kona, na usikanyage vipumulio vya mchu, kwani mti utakauka na nyinyi mmekuja kuuonyesha.

Kimo cha sakafu kipimwe kwa maji yenyewe. Chomekeni mti uliopakwa chokaa, mngoje bamvua kubwa la Machi au Septemba, kisha muweke alama maji yalipofika. Sakafu ikae sentimita 40 juu ya alama hiyo. Wanaopima kwa macho siku ya kawaida hupata njia inayozama mara mbili kwa mwezi, na mbao zinazozama huota utelezi.

Hesabu ya mita 100 ni hii. Nguzo zisimame mbili mbili kila mita 2, yaani jozi 51, nguzo 102, zenye unene wa sentimita 15 na zilizozama matopeni mita 1 hadi 1.2, au hadi ziguse udongo mgumu. Kila jozi ifungwe na mhimili wa kukatiza wa mita 1.2, kwa bolti mbili zilizopakwa zinki: mihimili 51, bolti 102. Juu yake pitisheni mistari mitatu ya mihimili mirefu, jumla mita 300. Sakafu ni mbao za mita 1, upana sentimita 15, unene sentimita 5, zikiachana sentimita 1 ili tope na maji vidondoke. Hizo ni mbao 625. Kila mbao hupigwa misumari miwili kwenye kila mhimili, hivyo misumari 3,750. Ongezeni asilimia 10 kwa kila kitu. Msumari usiopakwa zinki hufura kutu kwenye chumvi na kuipasua mbao kutoka ndani.

Jengeni kutoka nchi kavu kwenda mbele, mkibeba mbao juu ya sehemu iliyokwisha. Mafundi wakitembea matopeni wiki tatu, miche yote ya pembeni itakufa. Kila mita 50 wekeni jukwaa la mita 2 kwa 2 la kupishana, na chini yake mfunge mihimili ya msalaba. Hapo ndipo panapovunjika: mdiria akitua, watu wanane hukimbilia upande mmoja, na jukwaa lisilo na msalaba huinama. Wekeni mkono wa kushika upande mmoja wa njia na kibao kisemacho watu 6 kwa jukwaa.

Adui wa nguzo si maji, ni wadudu wa baharini wanaotoboa mti hadi ndani ukawa kama sega, huku nje ukionekana mzima. Kila mwezi mtu apite na nyundo. Agonge kila nguzo pale maji yanapopandia na kushukia. Nguzo nzima hujibu kwa sauti nzito na fupi, iliyoliwa hulia kama debe. Hiyo ichomwe kwa bisibisi, na ikizama zaidi ya sentimita 1, ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Msipake nguzo mafuta machafu ya gari. Huwaua chaza na kaa.

Waongozaji

Watu wanne wanatosha mwanzo, na angalau wawili wawe wanawake. Wachagueni kutoka kwa waliofanya hesabu mwaka mzima, si kwa wanaojua Kiingereza zaidi. Kiingereza hufundishika kwa miezi, lakini jicho la kumwona ndege aliyejificha huchukua miaka. Kila mmoja ajue viumbe 40 vizuri: jina la Kiswahili au la Kidigo, Kiduruma au Kigiriama, jina la Kiingereza, anakula nini, anaonekana lini, na wazee wanasema nini juu yake. Walio tayari wapelekwe kwenye mtihani wa ngazi ya shaba wa KPSGA, chama cha waongozaji wa safari nchini.

Kuonyesha ni ufundi unaotaka mazoezi. Wageni wengi huelekezwa kwa uso wa saa: "yuko saa tatu ya ule mti". Hapa mwongozaji wetu hukwama, maana akisikia au akifikiri saa tatu ya Kiswahili, mshale uko kwenye tisa, na tisa ya Kiswahili iko kwenye tatu. Mmoja hutazama kulia na mwenzake kushoto, na ndege anaruka. Chora saa kubwa kwenye mchanga, mfanye mazoezi kwa namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa mpaka mkono uende wenyewe.

Darubini ziwe za 8x42, yaani za kukuza mara 8. Za 10 hutetemeka mkononi mwa asiyezoea. Darubini moja kwa wageni wawili. Kundi lisizidi wageni 6, mwongozaji mbele na msaidizi nyuma, mwendo wa polepole. Sauti ya ndege kwenye simu ipigwe mara moja tu. Ikirudiwa kila siku, ndege hudhani ana mshindani na huhama. Chakula kwa tumbili, mbega au ndege ni marufuku, bila kumwonea mgeni haya. Tumbili aliyelishwa leo ataingia jikoni kwa mama mwenye banda la jirani kesho.

Palipo na ndovu hakuna kutembea kwa miguu bila askari wa KWS mwenye silaha. Kwenye mikoko hatari ya kila siku ni ndogo lakini ya hakika: chaza walioshikamana na mizizi hukata nyayo kama wembe, kwa hivyo ndara hazifai. Wekeni jozi 8 za viatu vya plastiki vya kufunga, maji safi, dawa ya kidonda na namba ya gari la kwenda hospitali yenye dawa ya nyoka. Mashua isitoke bila jaketi za kujiokolea kwa kila aliyemo, pamoja na nahodha.

Bei, na mgao wake

Bei huanzia kwenye gharama. Kuiga bei ya jirani ni kubahatisha. Chukueni mfano wa wageni 6 wanaolipa shilingi 1,500 kila mmoja, pamoja na wali wa nazi, samaki na dafu: 9,000. Mwongozaji 1,500, msaidizi 800, jikoni 350 kwa kila mgeni ambayo ni 2,100, usafi na simu 300. Jumla 4,700. Yanabaki 4,300. Humo matengenezo ya njia yachukue 1,800, fidia ya mashamba 900, akiba ya miezi ya njaa 900, na 700 kazi ya kijiji kama karo au kisima.

Sasa hoteli au kampuni ya utalii iliyomleta mgeni ikitaka asilimia 20, ambayo ni 1,800, hesabu yote inaanguka, na kinachokatwa kwanza huwa ni matengenezo. Baada ya miaka miwili njia ni mbovu na hakuna anayekumbuka kwa nini. Wekeni bei 1,900 tangu mwanzo: wageni 6 ni 11,400, toa asilimia 20 ambayo ni 2,280, yanabaki 9,120. Mgeni aliyekuja mwenyewe alipe bei hiyo hiyo. Hoteli ikigundua mnauza rahisi langoni, haileti mtu tena.

Pesa zote ziingie kwenye till ya M-Pesa ya kikundi, kamwe si kwenye simu ya mwongozaji. Kila Ijumaa karatasi moja ibandikwe mahali pa wazi: wageni wangapi, wameingiza nini, imekwenda wapi. Herufi ziwe kubwa. Mradi wa wanyama haufi kwa kukosa wageni peke yake, hufa siku mtu aliyeliwa mahindi na ndovu anaposikia kwamba wenyeviti wamegawana. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina fidia ya serikali, lakini huchukua muda. Ule mfuko wa fidia wa 900 hauwezi kulipa shamba zima, ila unaweza kulipa mbegu wiki hiyo hiyo, na mtu anayelipwa mbegu hategi nyaya.

Jifunzeni kwa Mwaluganje, kule Kwale. Mwaka 1995 wenye mashamba, Waduruma na Wadigo, waliunganisha ardhi yao iwe hifadhi ya ndovu kando ya Shimba Hills, na mapato ya lango yakagawanywa kwao kama gawio. Ni wazo la kiungwana. Lakini lango hutegemea hali ya pwani nzima: vurugu za Likoni za Agosti 1997 zilipowafukuza watalii, kila lango liliumia. Ndiyo maana kijiji kinahitaji pato lisilongoja gari la watalii. Mwaluganje walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha ndovu. Kipepeo, mradi ulioanza 1993 pembeni mwa Arabuko-Sokoke, huuza ng'ambo mabundo, yaani viwavi waliojifunika kabla ya kugeuka vipepeo. Gazi, chini ya Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao. Asali ya mikokoni ni njia ya karibu zaidi kwa wengi: mizinga 10 pembeni mwa mchu, mbali na njia ya wageni kwa mita 200 au zaidi.

Kuuza

Pangeni kwa kivuko na foleni. Kijiji cha kusini kiuze kwanza Diani na Likoni, cha kaskazini kiuze Nyali hadi Mtwapa. Barabara ya Dongo Kundu inamwepusha mgeni na feri ya Likoni, lakini bado mhesabu saa za kwenda na kurudi kwa matatu au tuktuk halisi, si kwa ramani. Nendeni hotelini mkiwa wawili, na karatasi moja: picha tatu, kalenda ya maji, bei, namba moja ya simu inayopokelewa. Mwalikeni mfanyakazi wa mapokezi na dereva mmoja waje bure siku ya maji mazuri. Wao ndio watakaoulizwa, "twende wapi kesho?"

Katikati ya wiki wapeni shule za Mombasa bei ya chini, kwa mfano 200 kwa mwanafunzi bila chakula, kwa makundi ya 20 yaliyogawanywa katika vikundi visivyozidi 6. Mtoto wa Kisauni au Changamwe anayemwona kaa akipepea gando lake huenda nyumbani na kumleta baba yake Jumamosi.

Masika yakiingia, fungeni njia wiki nne. Gongeni nguzo zote, badilisheni mbao, fanyeni mkutano wa hesabu na daftari likiwa mezani, na muendelee kuipita ile njia ya kilomita 2 mara mbili kwa wiki. Mbega aliyekuwa 78 akishuka hadi 50, punguzeni safari za wageni kutoka mbili hadi moja kwa siku kabla ya kufungua tena, na mbadilishe picha kwenye kibao.